Jina Tulilopewa na Nyumba

Jina letu la tatu ni Manyema, na hapa Nairobi jina kama hilo ni kazi. Mtu akisikia Otieno, Mutua au Wafula, anajua papo hapo akusalimie vipi, kwenu ni wapi, na mara nyingi anadhani anajua utampigia nani kura. Akisikia Manyema anakwama. Shuleni mwalimu alikuwa akifika kwangu kwenye rejista anainua macho: "Na wewe, watu wenu ni wa wapi?" Nikijibu "Majengo" darasa zima linacheka, kwa sababu Majengo ni mtaa wa Pumwani, si kabila.

Nyumbani tulikuwa na jibu letu. Ati babu wa zamani alitoka Kongo na msafara wa pembe za ndovu, akaingia Nairobi reli ikiwa bado mpya, akajenga. Kaka zangu walimpa upanga. Mimi nilimpa farasi. Hakuna aliyemhoji baba, na baba mwenyewe alikuwa amesikia tu.

Mambo yalichacha 2019, mdogo wangu alipofikisha miaka 18 na kwenda kuomba kipande. Mtaani bado tunakiita kitambulisho hivyo, na wengi wetu hatuna habari kipande cha kwanza kilikuwa kitu gani. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutumika vilivyo baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma ambacho wengi walikining'iniza shingoni. Wanawake hawakuandikwa. Waliingizwa kwenye sheria ya vitambulisho 1978, miaka kumi na mitano baada ya uhuru. Likumbuke hilo, maana ndilo lililonichelewesha.

Karani alisoma fomu ya mdogo wangu, akaiweka chini. "Hili ni jina la Kongo. Leta wazee wa kwenu waje kwa vetting."

Wazee gani sasa? Kama kwenu ni Siaya au Kitui, kuna chifu anayemjua babu yako. Sisi chifu wetu yuko Pumwani, na yeye ndiye alikuwa ametutuma kwa karani. Wanubi wa Kibera, Wasomali wa Eastleigh, watu wengi wa Majengo, waliujua mchezo huu vizuri: umezaliwa hapa, mamako alizaliwa hapa, halafu ulikuwa ukiambiwa ulete ushahidi wa pengine. Bila kipande hupati laini ya simu kwa jina lako, hupati kazi ya maana, na polisi wakikukuta usiku, shauri yako. Mdogo wangu alianza kurudi nyumbani kabla ya magharibi.

Nikaamua kulifuata jina. Manyema, au Maniema kama wanavyoandika Wakongo, ni mkoa wa mashariki mwa Kongo. Makao yake makuu ni Kindu, kando ya mto Lualaba. Karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walivuka Ziwa Tanganyika wakitafuta pembe na watumwa, na Tippu Tip wa Zanzibar akafanya Kasongo kuwa ngome yake. Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Walega, wote waliotolewa huko, wakifika Ujiji, Tabora na pwani waliitwa Wamanyema tu. Kuna waliofika wakiwa watumwa, kuna waliofika wakiwa wapagazi, na kuna waliofika na bunduki mkononi wakiwateka wenzao. (Hao wa mwisho huwa hatuwataji kwenye harusi.) Kwa hivyo hata kule lilikotoka, lilikuwa jina ambalo watu wengine walikupachika.

Nikayapeleka haya yote kwa nyanya, Shauri Moyo, nikiwa na ramani kwenye simu. Alitazama ramani kwa adabu.

"Na huyo mwanamume wenu wa upanga," akasema, "nani alimwona?"

"Si ndiye aliyejenga nyumba, nyanya?"

"Nyumba ilijengwa na mwanamke."

Aliniambia kwa vipande, kwa muda wa Jumamosi tatu. Mwenye jina alikuwa mwanamke aliyetolewa huko bara akiwa mtoto, hata hakumbuki kijiji. Alichokumbuka ni maji makubwa na mbuzi waliolia usiku kucha ndani ya mtumbwi. Alikulia pwani, akaja Nairobi, akaishi Pangani ya zamani, kile kijiji kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Yeye alikuwa ameshahama mapema: Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 alichukua ploti, akajenga nyumba ya udongo ya vyumba sita na kuiezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopondwa. Pesa alizipata wapi? Nyanya alinikazia macho. "Pesa za Nairobi," akasema, na ikaishia hapo.

Nilisoma baadaye, kwa Janet Bujra na kwa Luise White, ambaye kitabu chake kuhusu wanawake wa Nairobi ya mkoloni kilitoka 1990, na nikaona bibi yetu hakuwa peke yake. Wanawake wengi wa Pumwani walijenga kwa jasho lao, baadhi yao kwa umalaya, na kwa vile hawakuwa na watoto, au hawakutaka ndugu wa mashambani waje kukalia mali, walijichagulia warithi. Msichana anafika kutoka reserve amekimbia ndoa au njaa. Anasilimu, anafundishwa kupika na kukaa na watu, anakuwa mtoto wa nyumba.

Msichana wa nyumba yetu alitoka Murang'a. Ndiye mama yake nyanya. Alipewa jina jipya na kuitwa binti Abdallah, kama walivyoitwa wengi waliosilimu, kwa sababu baba asiyekuwa Mwislamu aliachwa nje ya jina. Nyanya hajui babu yake aliitwaje. Baadaye nyanya naye alizaa baba yangu na dereva wa lori aliyeondoka kabla mtoto hajatambaa. Hakuona sababu ya kumtunzia jina lake. Akaandikisha la nyumba.

"Kwa hivyo sisi ni Wakikuyu?" nikauliza.

Hapo akanisimulia Aprili 1954. Ilikuwa operesheni ya Anvil. Wanajeshi waliuzingira mji, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapitisha mbele ya gakunia, yule msaliti wa kufunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, umeenda. Maelfu walipelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road, na wake na watoto wakarudishwa reserve. Nyanya alikuwa na miaka kumi. Mzungu mmoja na askari wawili waliingia uani. Yule bibi, mzee tayari, alikuwa amekaa kwenye mkeka na mama yake nyanya kando, amevaa buibui. Askari akauliza, "Huyu ni nani?"

"Mwanangu."

"Kabila gani?"

"Manyema. Mimi Manyema, huyu atakuwa nani?"

Askari akamsemesha binti kwa Kikikuyu, ghafla, jinsi unavyomtegea mtu. Nyanya anasema mama yake hakupepesa hata jicho. Aliendelea kuchambua mchele. Wakatoka.

Tangu siku hiyo Kikikuyu hakikusikika tena ndani ya nyumba ile, hata usingizini. Nyanya hakijui. Mimi najua cha matatu tu.

Baba mdogo aliposikia haya yote alifurahi sana. "Basi imekwisha! Mwambie kijana aseme yeye ni Mkikuyu, apate kipande wiki ijayo." Alikuwa sahihi kwa upande mmoja. Jina lililomficha bibi mwaka 1954 ndilo sasa linamzuia kijana, na damu iliyofichwa ndiyo ingemfungulia mlango. Lakini Murang'a gani? Kijiji gani, mbari gani, chifu yupi wa kuandika barua? Binamu yangu akapendekeza tutume mate ng'ambo tupimwe DNA. Kipimo kingetuambia kitu kuhusu damu, sawa. Hakuna karani wa Pumwani anayepokea mate.

Nilikuwa nimesoma kuhusu Wachoctaw wa Oklahoma, Marekani. Serikali iliwaandika kwenye orodha ya Dawes, iliyofungwa 1907, na ikatenga orodha mbili: wenye damu, na weusi waliokuwa watumwa wa Wachoctaw. Mtu mweusi mwenye mama Mchoctaw mara nyingi alitupwa kwenye ile ya pili kwa sababu ya sura yake. Mpaka leo uraia wa taifa hilo unafuata orodha ya damu, na wajukuu wanaendelea kubishana na kalamu ya karani aliyekufa zamani. Nilimsimulia nyanya. Akauliza kama hao nao walikuwa na nyumba.

Yeye hakungoja tumalize mjadala. Jumatatu moja alivaa vizuri, akamchukua mdogo wangu, akabeba kopo la biskuti ambalo sikuwahi kuliona limefunguliwa. Ndani mlikuwa na risiti za kodi ya ploti, za manispaa, nyingine zimelika na mende, zote kwa jina la yule bibi. Akazipanga mezani mwa karani moja moja kama karata.

"Huyu ndiye mzee wetu," akamwambia. "Mfanyie vetting."

Walikaa hapo mpaka saa nane. Watu kwenye foleni walianza kumuunga mkono, halafu wakaanza kumlaumu kwa kuwachelewesha. Mwishowe karani akachukua kalamu, akajaza fomu mwenyewe. Nyanya alikuwa ameacha miwani nyumbani, na mdogo wangu alikuwa anafutwa wino vidoleni, kwa hivyo hakuna aliyeona alichoandika kwenye mstari wa kabila. Kadi ilitoka baada ya miezi mitano. Ina jina la tatu, Manyema, na mahali pa kuzaliwa. Kabila haionyeshi.

Baba mdogo bado anataka twende tukaulize tumeandikwa nini. Nyanya amekataa, na risiti zimerudi koponi.