Mifupa ya Mama

Mama yangu ana miaka 68. Mwaka jana aliteleza migombani, hapa Muleba. Akavunjika nyonga. Nilikwenda Bukoba kumnunulia vidonge vya madini ya chokaa, yaani kalsiamu. Daktari aliniuliza, "Nyumbani mnakula nini?" Nikajibu, ndizi na maharage.

Ndizi hushibisha, lakini zina kalsiamu kidogo sana. Mama wa umri huo anahitaji miligramu 1,200 kila siku. Nasi dagaa tuliwapa kuku! Dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake. Humo ndimo ilimo kalsiamu.

Sasa mama hula dagaa, hunywa maziwa, huota jua. Vidonge humeza kama alivyoandikiwa. Nawe mama mjamzito, usivimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Acha saa chache zipite.