Jua la Mutoshi na lineti za barabarani



Ukitoka Kolwezi mjini na kushika njia ya Mutoshi katika mwezi wa nane, vumbi linakupokea kabla hujafika. Malori ya madini yanafuatana, na kila moja linaacha wingu jekundu linaloshuka polepole juu ya nyanya, juu ya mandazi, juu ya nywele za watoto. Kando ya njia wako vijana wanaouza lineti. Wamezipanga kwenye kipande cha karto: nyeusi, za bluu, za kung'aa kama kioo, na ndogo za watoto zenye maua. Mama anayerudi kazini anasimama, anajaribu moja, anauliza bei. Halafu anauliza swali ambalo hata mimi naulizwa na wazazi karibu kila juma: hizi zinasaidia kweli, ao tunatupa franka zetu bure?

Swali hilo lina uzito wake hapa kwetu. Mutoshi ni mahali pa kazi tangu zamani. Mgodi wake uliitwa Ruwe, na watu walichimba dhahabu na shaba pale kabla mji wa Kolwezi haujaanzishwa mwaka 1937. Wengi wetu tunakumbuka pia ule mradi wa majaribio ulioanza mwaka 2018, wa koperative COMIAKOL pamoja na kampuni za Chemaf na Trafigura na shirika la Pact. Uzio ulijengwa, watu walikaguliwa mlangoni, wachimbaji walipewa vifaa vya kujikinga, na wamama walipata nafasi ya kufanya kazi ndani. Ulisimamishwa mwaka 2020, wakati wa korona. Tangu hapo, mama anayechagua mawe, anayeyaosha ao anayeuza chakula karibu na wachimbaji anajinunulia mwenyewe kila kitu cha kujikinga. Franka zake ni chache, kwa hiyo ni lazima ajue anunue nini kwanza.

Tuanze na jua lenyewe. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu jua linachoma zaidi. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 ya mwezi wa kumi na tarehe 20 ya mwezi wa pili, jua linapita wima juu ya vichwa vyetu. Katika mwezi wa pili mawingu ya mvua yanatusaidia kidogo, lakini katika kiangazi mbingu ni wazi kabisa. Baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita inatudanganya. Mionzi inayoumiza macho, ile inayoitwa UV, haionekani wala haina joto la kuhisi. Mama anaweza kutetemeka kwa baridi na macho yake yakaumia. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kusogea polepole kuelekea mboni, ambacho tunakiona kwa watu wengi wanaofanya kazi nje, kinahusiana sana na jua, na vumbi linaongeza.

Sasa lineti. Jambo la kwanza: weusi wa kioo si kinga. Kioo cheusi kisichozuia UV kinaweza kuwa kibaya kuliko kukaa bila lineti, kwa sababu gizani mboni inafunguka zaidi, na mionzi inapata mlango mpana. Tafuta alama ya UV400. Lakini alama ni karatasi tu, na karatasi inaweza kubandikwa na mtu yeyote.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Wabadilishaji wa pesa wengine wana taa ndogo ya rangi ya zambarau ya kukagua dola. Chini ya taa hiyo, uzi ulio ndani ya noti ya dola 20 unawaka kijani. Omba uweke kioo cha lineti kati ya taa na noti. Uzi ukizimika ao ukififia sana, kioo kinazuia. Uzi ukiendelea kuwaka vizuri, rudisha lineti. Usiitazame taa yenyewe, inaumiza. Hiki ni kipimo cha sokoni, si cha hospitali, lakini ni bora kuliko kuchagua kwa rangi. Kisha nyoosha mkono, tazama ukingo wa mlango kupitia kioo, na usogeze lineti kushoto na kulia. Mstari ukipinda na kucheza, kioo ni kibaya na kitakuumiza kichwa.

Lineti inayopita vipimo hivi inaweza kuwa ya bei ndogo kabisa. Ile ya jina kubwa dukani si lazima iwe bora kuliko ile ya kwenye karto.

Hata hivyo, kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kwanza kofia yenye ukingo mpana. Inapunguza karibu nusu ya mionzi inayofika machoni, na inakinga uso na shingo pia. Na kwa anayevunja ao kuchagua mawe, lineti ya jua haitoshi. Kipande cha jiwe kinaingia kutoka pembeni. Huyo anahitaji lineti za kazi, zile zilizofungwa pande zote.

Neno kwa wenye watoto wakubwa wanaojifunza kusoudure: lineti ya jua haizuii moto wa soudure. Wanaamka usiku wakilia kama wametiwa mchanga machoni. Ni lazima wawe na kioo cha soudure chenyewe, na wadogo wasisimame kutazama.

Maswali ya watoto ni mengi zaidi.

«Mtoto wangu niko naye mgongoni kazini. Nimvalishe lineti?» Mtoto mchanga hahitaji lineti, anahitaji kivuli. Pale penye kuosha mawe, jua linatoka juu na tena linarudi kutoka kwenye maji. Kinachosaidia ni wamama kupeana zamu: mmoja abaki na watoto chini ya mti, mbali na vumbi, na wenzake wamtolee sehemu yake. Hata kivuli hakitoshi kama vumbi linarudi nyumbani nawe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo walivyofanya Kasulo, hapa hapa Kolwezi. Watu wanaoishi katikati ya uchimbaji walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walizidi. Kwa hiyo nawa mikono na uso, badilisha kikwembe, ndipo umnyonyeshe.

«Wa masomo je?» Kioo cha jicho la mtoto ni safi kuliko chetu, na kinapitisha mionzi mingi zaidi. Kofia inamfaa kila siku. Lineti inamfaa kama imepita kipimo. Ile ya mchezo, ya maua, abaki nayo nyumbani.

Nina jambo moja la kuwaomba kama mwalimu. Kuna mzazi anayemnunulia mtoto lineti nyeusi kwa sababu macho yake ni mekundu, yanawasha, ao mtoto anafinya macho mbele ya ubao. Hapo lineti inafunika ugonjwa. Mtoto asiyeona ubao anahitaji kupimwa macho, na mara nyingi yule tunayemwita mvivu ni haoni. Macho yanayowasha kila kiangazi yana dawa yake, lakini msinunue matone barabarani kwa kufuata ushauri wa jirani. Mengine yana kortizone: yanatuliza leo, na yakitumiwa siku nyingi yanaweza kumpofusha mtoto polepole. Maziwa ya mama pia tusiyatie machoni. Na ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, hata kwenye picha ya simu, usingoje mwisho wa mwezi. Mpeleke kwa munganga wa macho siku ileile, maana inaweza kuwa kansa, na kansa hiyo ikikamatwa mapema inatibika.

Vikundi vyetu vina likelemba ya sufuria na ya vikwembe. Mwezi wa kumi unakaribia, na jua litakuwa wima. Tungeweza kufanya zamu moja ya kofia na lineti zilizopimwa, tukinunua kwa wingi ili bei ishuke, na kinachobaki kiwe cha kumpeleka mtoto mmoja wa kikundi kupimwa macho. Mama mwenye taa ya kukagua dola aje nayo kwenye mkutano.