Neno "Huenda"

Yako maneno madogo yabebayo mizigo mikubwa. Moja katika hayo ni neno huenda. Nataka kusimulia habari yake kwa sababu niliwahi kulitumia vibaya, na wasomaji wa kurasa hizi, ambao kazi yao ni maneno, ndio wanaofaa kunihukumu.

Katika zama zetu mataifa hutathmini madhara ambayo mabadiliko ya tabianchi yameyaleta na yatakayoyaleta juu ya maisha ya watu. Tathmini ni ndugu wa thamani: kutathmini jambo ni kulipima ili lijulikane uzito wake. Marekani iliifanya kazi hiyo kuwa amri ya sheria mwaka 1990. Tathmini yao ya tano ilitoka Novemba 2023, na Aprili 2025 waandishi wa ile ya sita waliondolewa kazini. Tanzania ilipeleka taarifa yake ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa mwaka 2003. Mwaka 2007 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa mpango wa taifa wa kujihami. Mpango huo ulisema kuwa sehemu zenye misimu miwili ya mvua zingezidishiwa mvua kwa asilimia 5 mpaka 45, na zenye msimu mmoja zingepungukiwa kwa asilimia 5 mpaka 15. Hayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, shida ya Marekani ni kuandikwa kwa tathmini; shida yetu ni kueleweka kwake.

Miaka michache kabla ya 2023 ofisi moja iliniomba nifasiri muhtasari wa tathmini ya namna hiyo, usomwe mbele ya wakulima wa Babati, mji niliozaliwa. Niliona fahari. Katika muhtasari ule wataalamu walikuwa wamefuata desturi ya Jopo la Serikali Mbalimbali la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988. Jopo hilo lina ngazi ya maneno yenye hesabu. Jambo lenye matumaini ya kutokea yafikayo asilimia 66 au zaidi lina neno lake. Lifikalo asilimia 90 lina neno lingine. Lifikalo 99 lina lingine tena. Mimi, kwa haraka na kwa kujiamini, ngazi yote niliifasiri kwa neno moja. Niliandika: "Huenda mvua kubwa zikazidi."

Mkutano ulifanyika karibu na Ziwa Babati, ambalo viboko wake hupumua karibu na nyumba za watu. Mwaka 1990, nilipokuwa mtoto, ziwa hilo lilifurika likaingia mjini, na wazee waliokuwapo walikuwa hawajasahau. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Mkutano ulipokwisha nilimwendea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia maneno yenu. Dada yako wa Katesh na mumewe wamepata kiwanja kando ya korongo lishukalo kutoka mlima Hanang. Kiwanja ni rahisi, lakini moyo wangu unasita. Mvua hizo zinakuja, au haziji?"

Nilirudia neno langu. "Huenda, mjomba."

"Basi huenda zisije," alisema, akanishukuru.

Hakukosea. Kiswahili ndicho alichokijua, na katika Kiswahili huenda ni mlango ulio wazi pande mbili.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza vuli yenye mvua za juu ya wastani, kwa sababu ya El Niño. Tarehe 3 Desemba sehemu ya mlima Hanang iliporomoka kwa wingi wa mvua. Tope, mawe na magogo vikafuata mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku hizo mataifa yalikuwa yamekutana Dubai kuzungumza juu ya tabianchi, na Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake huko akarudi nyumbani. Dada yangu na watoto wake walinusurika; nyumba yao haikunusurika.

Sisemi kuwa muhtasari wangu ulitabiri maporomoko yale, wala kuwa mabadiliko ya tabianchi peke yake yaliubomoa mlima. Nasema jambo dogo zaidi, nalo ni zito kwangu: mzee aliniuliza swali la kweli, nami nilikuwa na jibu la kweli mkononi, lakini nilimpa la ovyo.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mjomba na karatasi yangu. Nilimweleza kuwa wataalamu wakionya mara tatu kwa kutumia neno lile, mara mbili au zaidi lililoonywa hutokea.

Alinyamaza kitambo. "Mara mbili katika tatu," alisema. "Ungalisema hivyo, nisingaliwaruhusu kujenga." Kisha akaongeza, labda kwa kunihurumia, "Lakini na wewe hukujua, mwanangu."

Nilijua. Hesabu ilikuwa katika ukurasa wa pili, nami niliiacha kwa kuona kwamba wakulima hawana haja ya asilimia. Hilo ndilo kosa langu, na halikuwa kosa la lugha. Kiswahili kina labda, pengine, yamkini, aghalabu, hapana shaka. Kina ngazi ndefu kwa mwenye subira ya kuipanda. Na pale neno lisipotosha, hesabu ipo: mkulima ahesabuye madebe ya mahindi hashindwi na mbili katika tatu.

Muhtasari ule nimeufasiri upya, na kila palipokuwa na huenda nimeweka neno la ngazi yake, pamoja na hesabu yake. Nakala ya kwanza nilimpelekea mjomba. Aliisoma polepole, kalamu mkononi, akapiga mistari mahali pawili asipopaelewa. Nimepaandika tena.