Kuchorachora Si Kuzembea

Lugha ya Kiswahili ina ada ya kurudufisha kitenzi pindi mtendaji anapoonekana kukosa lengo. Mtu hutembea akiwa na aendako, lakini hutembeatembea asipokuwa nako. Husema penye hoja, akasemasema penye porojo. Ndivyo alivyo mwanafunzi anayejaza miraba, mawimbi na majani pambizoni mwa daftari lake huku mhadhiri akinena: husemekana kwamba anachorachora tu. Neno hilo 'tu' ndilo hukumu yake, nami katika insha hii naikatia rufaa.

Nilipokuwa katika shule ya upili, mwalimu wetu mmoja aliuchana ukurasa wa daftari langu mbele ya darasa, akidai kwamba mkono unaochora hauna sikio. Ukurasa ule ulikuwa na mtumbwi pambizoni. Ulikuwa pia na kanuni zote za vina na mizani alizotufunza saa ile. Vyote viwili viliangamia pamoja. Tangu siku hiyo nikawa naketi wima, macho ubaoni, ilhali fikira zangu zilikuwa zimekwisha kwenda nyumbani kabla ya kengele. Machoni pa mwalimu, nilikuwa nimerekebika.

Mnamo mwaka wa 2009, mwanasaikolojia Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha utafiti unaolimulika suala hili. Watu 40 walisikilizishwa ujumbe wa simu uliorekodiwa, wa dakika mbili na nusu, uliochosha kwa makusudi. Walitakiwa kuandika majina ya watu watakaohudhuria sherehe. Nusu yao walipewa pia kazi ya kujaza maumbo kwa penseli. Baadaye, walipotahiniwa ghafla kuhusu majina ya watu na ya mahali waliyoyasikia, waliochora walikumbuka 7.5 kwa wastani, na wenzao 5.8, tofauti ya asilimia 29. Maelezo aliyoyapendekeza ni kwamba kazi nyepesi ya mkono huenda huizuia akili isizame katika njozi za mchana, ambazo huiteka zaidi kuliko penseli.

Isitoshe, mkono ulioachwa huru waweza kugundua jambo. Mwaka wa 1963, mwanahisabati Stanisław Ulam, akiwa amechoshwa na mhadhara, alianza kuandika nambari kwa kuzizungusha mfano wa kombe la konokono. Alipozitia alama nambari tasa, aliziona zikielekea kujipanga katika mistari ya mshazari. Mpangilio huo hujulikana kwa jina lake hadi leo.

Sidai kwamba kila mchoro ni elimu. Mhadhiri anapofafanua mchoro wa matawi wa sentensi ubaoni, anayeinamia maua yake atapitwa, kwani somo hilo lahitaji macho. Vivyo hivyo, anayechora picha ya kumshughulisha hasa huwa ameanza kazi nyingine. Ninayemtetea ni yule ambaye mkono wake unacheza huku sikio likitenda kazi.

Kwa hivyo, wahadhiri wetu na wanafunzi wenzangu, tusiupime usikivu kwa mgongo ulionyooka. Wahenga walilonga kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kabla ya kuuchana ukurasa wa mtu, tumwulize kwanza yaliyosemwa. Jibu lake na liwe ndilo shahidi.