Harufu ya Karafuu

Msimu wa karafuu ulinipita hapa Pemba nisiusikie. Wiki 12 na zaidi pua imeziba, usaha washuka kooni, uso wauma hata kusujudu ni tabu. Ninaishi na virusi vya Ukimwi. Nikadhani ni mafua, nikajifukiza. Tabibu akanionya: mwenye kinga dhaifu hangoji, kwani kuvu huweza kupenya hadi jichoni na ubongoni. Akapima usaha kwanza, ndipo akachagua dawa. Na zile za virusi nisizikatize, maana kinga ndiyo mzizi wa tiba. Kila alfajiri naosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, si ya mfereji. Jana nilipita penye majamvi, nikaisikia: kwa mbali, lakini ndiyo yenyewe.