Neno "Imesambaa"

Kwa mwezi mzima tulimwombolezea shangazi yangu angali hai. Anaishi Kasulu, na miaka kadhaa iliyopita aliondolewa titi kwa sababu ya saratani. Kichwa kilipozidi kumuuma na mkono wa kulia ukaanza kulegea, alipigwa picha ya CT skani. Ripoti ilikuwa mistari miwili: saratani imesambaa hadi kwenye ubongo. Baba mdogo, aliyeko Kibondo, akauza ng'ombe wawili. Si kwa matibabu, bali kwa msiba. Shangazi mwenyewe akaanza kugawa vitenge vyake.

Aliyesoma picha namwelewa. Mtu aliyewahi kuugua saratani ya matiti akionekana na uvimbe kichwani, akili hukimbilia huko. Lakini wanawake hao hao hupata pia meninjioma, uvimbe wa utando unaoufunika ubongo, ambao mara nyingi si saratani na hukua polepole kwa miaka. Huwa nje ya ubongo, umejishikiza kwenye utando kwa kitako kipana, ukiusukuma ubongo bila kuuingia. Pengine huwa na chembe za chokaa na kuunenepesha mfupa wa fuvu ulio jirani. Saratani iliyosambaa kwa kawaida hukaa ndani ya ubongo wenyewe, aghalabu madoa kadhaa yaliyozungukwa na uvimbe wa maji. Tatizo ni kwamba saratani ya matiti huweza pia kutua kwenye utando na kufanana kabisa na meninjioma. Hata ule mkia mwembamba unaong'aa pembeni, ambao wengi huutegemea kama alama, huonekana katika hali zote mbili.

Picha ya shangazi ilipigwa bila dawa ya mshipani inayoung'arisha uvimbe, na ripoti haikushauri kipimo kingine chochote. Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kasulu, alipigwa MRI kwa dawa hiyo, kisha akapasuliwa. Maabara ikathibitisha: meninjioma.

Serikali imepeleka mashine za CT skani katika hospitali za rufaa za mikoa, na ninaipongeza. Utepe hukatwa, picha za habari hupigwa. Sijaona bado utepe ukikatwa kwa sababu mkoa umepata daktari bingwa wa kusoma picha hizo. Ndugu zangu mnaopanga ikama na bajeti, ni nani aliyehesabiwa kuisoma?

Fedha za ng'ombe ndizo zilizotufikisha Dar es Salaam. Shangazi amerudi Kasulu na anadai vitenge vyake. Viwili vimekwisha kushonwa.