Mguu Usiosema



Tulipowaambia jamaa kwamba twaenda Uturuki mwezi wa Januari kumtazama kijana wetu anayesoma Bursa, na kwamba ametualika kupanda naye mlima wa theluji, watu barazani walicheka, kisha wakanyamaza. Walicheka kwa ajili ya umri wetu. Walinyamaza kwa ajili ya maradhi yetu. Mmoja wetu, baba wa nyumba, ana kisukari huu mwaka wa 14, na hudunga insulini asubuhi na jioni. Mwingine, mama wa nyumba, ana pumu tangu utotoni. Shangazi yetu alitutazama kwa zamu, akasema: "Wanangu, joto la Mombasa limewakosea nini?"

Swali lake lilikuwa na uzito kuliko alivyolitamka. Katika ukoo wetu mguu hautajwi kwa mzaha. Ami yetu, Mola amrehemu, alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya msumari mdogo uliopenya soli ya kiatu chake. Kisukari kilikuwa kimeziua hisia za nyayo zake, naye akautembelea msumari ule kutwa nzima bila kuusikia. Jioni alipoiona damu, aliifunga kwa kitambaa na kuificha siku nne, asije akawasumbua wanawe waliokuwa katika shughuli za harusi. Siku ya tano hapakuwa tena na cha kuficha.

Tulikwenda kwa daktari wetu tukitarajia kukatazwa, na huenda mmoja wetu alitaka akatazwe. Hakutukataza. Alitupima, akatushika nyayo, kisha akatupa masharti. Dawa zote zisafiri nasi katika mkoba wa mkononi pamoja na barua yake, wala zisiwekwe katika mizigo ya chini ya ndege, kwani huko zaweza kupotea au kuganda. Insulini iliyoganda huharibika, na hata ikiyeyuka haifai tena. Kule mlimani ivaliwe ndani ya nguo, karibu na mwili. Mashine ya kupima sukari nayo haipendi baridi: nyingi hukataa kusoma au husoma kimakosa, basi vipimo vifanyike ndani penye joto. Mwenye kisukari asidharau kutetemeka, kwa kuwa sukari ikishuka mwili hutetemeka kama unavyotetemeka kwa baridi, na mtu aweza kuongezewa koti ilhali alichohitaji ni tende. Mwenye pumu naye afunike pua na mdomo, na inhela isibanduke mwilini mwake, maana hewa baridi na kavu huyabana mapafu. Mwisho alisema: "Na miguu itazamwe kila usiku. Asiitazame mwenyewe peke yake. Itazamwe na mwenziwe."

Sharti hilo la mwisho tuliliona dogo kuliko yote.

Safari ilikuwa ya heri. Saa za Uturuki ni sawa na saa za kwetu, hivyo wakati wa insulini haukuhitaji kubadilishwa. Kijana alitupokea Istanbul, tukaenda Bursa kwa basi. Siku ya pili alitupeleka kusali katika Ulu Cami, msikiti wa jamii uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14, wenye kuba 20 na birika la kutawadhia katikati ya ukumbi wenyewe. Sauti ya maji yale ilitukumbusha birika za misikiti ya Mji wa Kale, ila maji yale yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Mwenye kisukari aliosha miguu, akasimama kusali huku vidole vimekuwa vyeupe.

Kijana alihuzunika. Tulipotoka alituingiza sokoni, akatununulia khufu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu. Wengi wetu tumezisoma madrasa bila kupata kuzivaa, kwa kuwa nchi yetu haina haja nazo. Sheria yake ni nyepesi: mtu atawadhe udhu kamili, azivae, kisha udhu ukimtoka, badala ya kuosha miguu apanguse kwa maji juu ya khufu. Mkaazi ana siku moja na usiku wake, na msafiri ana siku tatu na masiku yake. Sisi tulikuwa tumenuia kukaa Bursa wiki mbili, basi tulijihesabu wakaazi. Tulimshukuru Mola kwa dini inayomtazama mja pamoja na hali ya hewa yake.

Siku ya sita tulipanda Uludağ. Kilele chake ni mita 2,543 juu ya bahari, nasi tuliozaliwa mahali ambapo bahari huingia hadi vichochoroni tulining'inia katika kibanda cha kioo kinachovutwa kwa waya, karibu kilomita tisa juu ya misonobari iliyolemewa na theluji. Kibanda kilipofunguka juu, hewa ilimkaba mwenye pumu kifuani kama mkono wa mtu. Alivuta inhela, akaketi, akangoja. Kisha akatoa mkobani kilichowachekesha watu wa pale: leso mbili za Mombasa. Moja alijifunika pua na mdomo chini ya ushungi, na ya pili aliiweka akiba ya kubadilisha ya kwanza ikiloa kwa pumzi. Tangu hapo kifua chake kilitulia. Walioujua mtandio kama stara tu waliona kwamba ni kinga pia.

Tulikodi mabuti ya theluji, tukateremka kwa ubao wa kuteleza, wazee wawili tukipiga mayowe kama watoto wa Idi. Adhuhuri tuliingia mkahawani, na mashine ikaonyesha sukari 3.8. Mwenye kisukari alikuwa akitetemeka, naye aliapa kwamba ni baridi tu. Alikula tende tatu, akapimwa tena baada ya robo saa, ikawa imepanda. Tulijiona hodari. Tuliswali adhuhuri, alasiri, magharibi na isha kwa kupangusa khufu, miguu ikiwa mikavu na yenye joto, tukalala hoteli ya huko huko juu.

Hapo ndipo penye jambo lililotufanya tuandike.

Usiku ule mwenye kisukari alijitupa kitandani na khufu zake. Mwenziwe alimwambia, "Baba watoto, vua nikutazame miguu."

"Muda wa khufu haujaisha, hadi kesho asubuhi. Nivue nipigwe na baridi bure?"

"Sikukuuliza muda wa khufu. Nimekwambia vua."

Yalipita maneno ambayo si ya kuandikwa hapa. Hatimaye khufu ya kulia ilivuliwa, na soksi ya ndani ikatoka imeshikamana na ngozi. Kisiginoni palikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi 20, limepasuka, nyama iko wazi, na damu imekauka kandokando. Mwenye mguu alikitazama kisigino chake kama amtazamaye mgeni. Hakikumuuma, wala hakikuwa kimemuuma hata mara moja.

Tulikaa kimya. Sote wawili tulikuwa twamwona ami.

Kisha mwenye kisukari alikiri jambo. Tangu asubuhi alikuwa amejua kwamba buti la kulia limembana, maana alilivaa kwa shida. Hakusema, kwa kuwa kijana alikuwa amejinyima miezi mingi ili alipe gharama za siku ile, naye hakutaka kuiharibu furaha ya mwanawe kwa kuomba buti jingine. Ami aliificha damu kwa ajili ya harusi ya wanawe, na sisi tuliificha dhiki ya kiatu kwa ajili ya raha ya mwana. Ni mapenzi yale yale na kosa lile lile.

Asubuhi tulishuka mjini, na daktari wa huko, kijana wetu akitufasiria, alisafisha kidonda, akakifunga na kutoa dawa. Alisema tumekuja mapema. Kama tungelichelewa siku chache, alisema, maneno yake yangelikuwa mengine. Siku zilizobaki tulizimaliza chumbani mwa kijana, tukila supu ya dengu na kusimuliana habari. Mwenye jeraha alitawadha kwa kuosha viungo vizima, kupangusa juu ya bandeji na kutayamamu, kama walivyotufundisha wanazuoni wetu wa Kishafi. Kidonda kilifunga baada ya wiki tano, tukiwa nyumbani.

Tumelifikiri sana jambo hili. Hapa kwetu mwenye kisukari huosha miguu yake mara nyingi kila siku, akipitisha vidole vya mkono baina ya vidole vya miguu. Miaka 14 udhu umekuwa daktari wake bila yeye kujua: macho yaliona kabla nyayo hazijasikia. Kule mlimani tulichukua ruhusa ya dini, na ni ruhusa ya haki, hatuijutii. Ila ruhusa ile ilituondolea maji, nasi tukadhani imetuondolea na kutazama.

Kwa hiyo kwa wasomaji wenye maradhi kama yetu, wanaoalikwa na watoto wao walioko nchi za baridi, hatusemi msiende. Sisi tumeiona theluji, tumecheka na mwanetu, na tukijaaliwa tutarudi. Nendeni baada ya kumwona daktari. Ukikodi kiatu, kikikubana sema hapo hapo, kwa kuwa mwanao atakubali kupoteza robo saa kuliko kukuona umepoteza mguu. Vaeni khufu, lakini zivuliwe kila usiku hata kama muda wake upo, na miguu itazamwe kwenye taa na mtu mwingine. Mguu wenye ganzi hausemi. Lazima pawe na mtu wa kuusemea.

Tuliporejea, shangazi alikuja kututazama. Hakuuliza habari za theluji. Alikaa mkekani, akasema, "Lete mguu huo niuone." Mwenye mguu aliunyoosha mbele yake bila kubisha.

Mola awape wagonjwa wetu shifaa, na awajaalie wenzi wasiochoka kuwatazama. Wabillahi tawfiq.